LAND ROVER YA BABU SIO SANAMU!



Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Najua nilipotea. Kwanza test, halafu nyumbani Kibosho kwa Krismasi, halafu bando likaisha, halafu uvivu tu (tusidanganyane). Leo nimerudi na nimerudi na hasira zangu. Kama umekuja kutafuta umbea wa hosteli, pita tena wiki ijayo. Leo tunaongelea GARI. Ndiyo, mimi binti wa Ualimu, Kiswahili na Historia, naongelea springi na injini. Wa kucheka acheke saa hivi amalize, tuendelee.

Iko hivi. Nyumbani tuna Land Rover 109 station wagon, Series III. Babu, Mungu amlaze pema, aliinunua mwaka 1987 kwenye mnada wa shirika moja la umma, kwa pesa ya kahawa na ng'ombe wawili. Tangu hapo hiyo gari imefanya kila kazi pale mtaani. Imebeba ndizi kwenda soko la Mbuyuni, imebeba kahawa, majani ya ng'ombe, wanakwaya, maharusi, misiba. Mimi mwenyewe nilipelekwa kubatizwa nayo. Aliyebaki nayo sasa ni baba mdogo, ndiye anaishi pale pale kihambani mwaka mzima na bibi.

Sasa Desemba, kama mnavyotujua Wachaga, ukoo mzima ukapanda mlima. Tarehe 27 tukakaa kikao chini ya migomba, baada ya supu. Baba mdogo akasimama, akasalimia wakubwa, akasema anaomba mambo matatu kwa hiyo gari: breki mpya, springi za kisasa, na injini ya dizeli badala ya ile ya petroli. Akaonyesha na daftari, kaandika kila kitu na bei yake.

Jamani! Ungedhani kaomba kuuza kaburi. Baba mkubwa kutoka Dar akasema hapana, hiyo ni kumbukumbu ya mzee, haiguswi. Shangazi akaunga mkono. Binamu zangu wawili, ambao asubuhi yake walikuwa juu ya boneti wanapiga picha, wakasema eti injini ya Toyota ndani ya Land Rover ni "dhambi". Mapendekezo yao: ipigwe rangi ile ile ya zamani, ijengewe banda, iwe inatoka kwenye harusi za ukoo tu. Nikanyoosha mkono. Nikaambiwa, "Mwalimu, wewe subiri, haya ni mambo ya magari." Haya. Pale nilinyamaza kwa heshima ya wakubwa. Hapa ni kwangu, sinyamazi.

Ngoja kwanza niwape kisa ambacho hakikusemwa kwenye kikao, kwa sababu bibi alikataza tusiharibu sikukuu.

Masika iliyopita, mwezi wa nne, usiku wa saa nane, bibi alizidiwa. Presha. Mvua inanyesha ile ya kwetu, ambayo hainyeshi, inamwagwa. Nilikuwa nyumbani wiki ile. Tukamfunika mablanketi mawili, tukampakia kiti cha mbele, safari ya hospitali. Kwa siku ya jua ni dakika 20. Tulipofika kwenye mkondo wa kwanza maji yakarukia ndani ya injini, distributa ikalowa, gari kimya. Baba mdogo akavua shati, akafungua boneti, akakausha kifuniko na waya za plagi, mimi nimeshika tochi ya simu mdomoni na mwavuli mkononi. Ikawaka. Tukateremka upande wa pili, akakanyaga breki... breki za dramu zimejaa maji, gurudumu moja linashika, jingine halishiki, gari likavutwa upande na gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji. Majirani wakaja na majembe na mashina ya migomba. Tulifika hospitali baada ya saa moja na nusu. Bibi yuko hai, tunashukuru, na daktari aliyempokea alituuliza kitu kimoja tu: "Mmechelewa wapi?"

Sasa wewe unayesema gari lisiguswe, mjibu yule daktari.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenzetu wanakuja siku 10 kwa mwaka, tena Desemba, barabara imekauka, na Prado zao zina breki za diski mbele na nyuma, koili springi kila kona. Wanapanda Land Rover ya babu mara moja kwenda kununua nyama, wanarudi wanasema "aisee, hii ndiyo gari!" Halafu tarehe 2 wanashuka zao Dar. Gari linabaki na sisi, na masika inabaki na sisi.

Haya, twende hoja kwa hoja, kama tunavyofanya kwenye semina.

HOJA YA KWANZA: "Mkibadilisha inapoteza asili yake."

Asili ipi? Mimi ni mtu wa Historia, basi tusome historia. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa nne 1948. Ilitengenezwa haraka haraka baada ya vita, bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo, na lengo lilikuwa kumpa mkulima chombo cha kazi. Hawakukaa wakasema wanatengeneza sanamu. Na wenyewe waliigeuza kila baada ya miaka michache. Ilianza na injini ya lita 1.6, ikawa 2.0, mwaka 1958 kwenye Series II ikaja petroli ya 2.25. Urefu kati ya magurudumu ulianza inchi 80, wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka tukapata hii 109 yetu.

Na sikilizeni hili vizuri. Mwaka 1983 kiwanda chenyewe kilitoa Land Rover 110, kikatupa springi za majani kikaweka koili springi mbele na nyuma, na breki za diski mbele. Teknolojia ya koili walikuwa nayo toka 1970 kwenye Range Rover. Sasa kama waliotengeneza waliona majani yamepitwa, wewe wa Kimara na Tabata unalinda asili ya nani?

Tena hiyo "asili" yenyewe hapo nyumbani haipo. Kabureta ni ya tatu. Mlango wa nyuma ulitoka kwenye gari lililokufa Himo. Viti alishona fundi wa makochi. Kitu pekee ambacho hakijaguswa ni vile ambavyo vingetuua!

Nakubali jambo moja. Kuna gari la kuachwa lilivyo. Ile Land Rover yenye namba HUE 166, ya kwanza kati ya zile za majaribio kabla ya uzalishaji, hiyo itunzwe, hata kizibo cha tanki kisibadilishwe. Lakini hiyo ni moja duniani. Ya kwetu ni moja ya mamia ya maelfu, na bado iko kazini. Gari lililo kazini lina haki ya kupewa vifaa vya kazi.

HOJA YA PILI: "Springi za majani ni ngumu, hazifi, na fundi yeyote anaweza."

Hapa kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaodanganya watu. Ni kweli jani moja likivunjika, fundi chuma wa Moshi anakutengenezea jingine kabla ya jua kuzama. Hilo nawapa. Lakini springi ya majani inafanyaje kazi? Ni vyuma vingi vimelaliana, vikubwa juu vidogo chini, na kila gari linapocheza, vyuma vile vinasuguana. Weka tope la Kibosho katikati, weka kutu ya miaka 40. Vinagandana, vinakuwa kitu kimoja, kama ubao. Hapo springi haikunji tena, inarusha. Gurudumu linaruka badala ya kufuata shimo, na gurudumu lililo hewani haliongozwi na usukani wala halishikwi na breki. Ndiyo maana 109 iliyochoka inatembea kama mlevi.

Sasa hapa nina ugomvi na vijana wa gereji pia, msidhani niko upande wenu moja kwa moja. Kuna wanaosema "lete koili za 110 tuchomelee, kesho unachukua." HAPANA. Koili springi haisimami peke yake. Springi ya majani inafanya kazi mbili: inabeba uzito na inashikilia ekseli mahali pake. Koili inabeba tu. Ekseli ya koili inahitaji mikono ya kuishika isiende mbele na nyuma, na fimbo ya kuizuia isiende kushoto na kulia. Hiyo yote inafungwa kwenye chesisi, kwa vipimo. Ukichomelea vikombe vya koili kwenye chesisi yenye kutu, kwa kukadiria na jicho, umetengeneza jeneza lenye magurudumu manne.

Kwa hiyo njia za mtu mwenye akili ni mbili. Ya kwanza: kama chesisi imeoza, tafuta chesisi na ekseli za 110 nzima nzima, uhamishie bodi kwa mpango. Hiyo ni pesa ndefu. Ya pili, ambayo ndiyo baba mdogo aliandika kwenye daftari lake: springi za parabola. Hizi bado ni za majani, zinafungwa pale pale pa zamani bila kuchomelea kitu. Tofauti ni kwamba yanakuwa majani machache, manene katikati na membamba kwenye ncha, na hayagusani isipokuwa katikati na mwishoni. Hakuna kusuguana kule. Unaweka na shokapu mpya zinazoendana, bushi mpya, basi. Na kama watoto wako wakijuta, zile za zamani zinarudi kwa spana ile ile. Huyo ndiye "mharibifu wa urithi" mnayemsema!

HOJA YA TATU: "Injini ya Toyota kwenye Land Rover ni usaliti."

Usaliti kwa nani, Mfalme wa Uingereza?

Oktoba 2024 pale Arusha kulikuwa na tamasha la Land Rover, watu walitaka kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Nilienda na washkaji zangu wawili wa chuo. Nilichungulia maboneti mpaka mwenye gari mmoja akaniuliza kama natoka TRA. Nilichokiona: injini za Hiace, za Isuzu, za Nissan, na wenyewe wanatabasamu. Hakuna aliyefukuzwa uwanjani. Nembo ya mbele ni ile ile, mapenzi ni yale yale.

Ile petroli ya 2.25 ina nguvu ya farasi 70 na kitu. Ilitosha enzi zake. Lakini Moshi mjini ni mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, kwetu ni zaidi ya 1,300, na katikati hapo kuna watu tisa na mikungu ya ndizi. Kwa vipimo vya baba mdogo (anaandika kila lita, mnamjua), lita moja inakwenda kilometa 5, na ukipanda na mzigo hazifiki 4. Ndizi zinapanda gari zinafika sokoni zimeliwa na petroli. Na ikilowa tu, mnajua kilichotokea. Dizeli haina distributa wala plagi za kulowa. Ukimaliza hoja zote, mimi nabaki na hiyo moja.

Ipi sasa? Wapenzi wa Land Rover wanaotaka damu safi, ipo 200Tdi, dizeli yenye tabo ya lita 2.5, farasi kama 107. Hiyo ni mjukuu halali wa injini ile ile ya 2.25, hata kufungana na gia boksi ya zamani haina ugomvi mkubwa. Au 300Tdi iliyoanza 1994, farasi 111. Ukitaka spea za kila duka, ipo 3L ya Toyota, lita 2.8, farasi kama 90, haina tabo, haina kompyuta, na fundi wa Hiace yuko kila kona kuanzia Holili mpaka Kigoma. Hiyo inahitaji bamba la kuunganishia injini na gia boksi, lichongwe na mtu wa leith mwenye akili timamu, lisipishane hata kidogo maana klachi italia. Baba mdogo anataka 3L. Mimi moyo wangu uko kwa 200Tdi, lakini mimi sio ninayelala chini ya gari saa nane usiku, kwa hiyo kura yangu naitoa kwa 3L.

Ila vijana wa 1HZ, nyie wa "weka lita 4.2 iwe inapaa", njooni hapa mbele. Gia boksi ya 109 ilitengenezwa kwa farasi 70. Breki zake ni dramu magurudumu yote manne. Unaweka silinda sita nzito mbele, springi za mbele zinalala, usukani unakuwa jiwe, halafu unajisifu unafika Arusha kabla ya basi. Utafika wapi siku ya kusimama? Difu za 109 zina uwiano wa 4.7, za 110 ni 3.54. Maana yake ya kwetu injini inazunguka sana gurudumu linazunguka kidogo. Hiyo ndiyo inayofaa mlima! Ni gari la kupanda taratibu na mzigo. Anayetaka mbio akapande Coaster.

Ndiyo maana nasema MPANGILIO ni muhimu kuliko mambo yote niliyoandika. Kwanza breki. Pili usukani. Tatu springi na shokapu. Injini MWISHO. Ukianza na injini umempa mtoto kisu kabla ya kumfundisha kukishika. Na ukimaliza, nenda TRA ubadilishe taarifa, maana namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Usije ukapata ajali ndiyo bima wakagundua kadi inasema petroli na boneti inasema dizeli.

HOJA YA NNE, ile isiyosemwa kwa sauti: pesa.

Baba mkubwa alisema hakuna bajeti. Sawa. Lakini kikao hicho hicho, kabla ya ajenda ya gari, kilikusanya mchango wa ndafu wawili na mapipa ya mbege kwa dakika 15, taslimu. Na banda la kutunzia gari lilipata waahidi wanne. Yaani pesa ya kulijengea gari nyumba ipo, pesa ya kulifanya lisimame likikanyagwa breki haipo. Wakubwa zangu shikamooni, nawaheshimu, lakini hapo mmenishinda.

Na sisi wasomi je? Semista iliyopita nilijaza karatasi 12 kwenye mtihani kuisifia Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967, jinsi elimu inavyotakiwa iwe ya mikono na akili. Nilipata alama nzuri. Wiki hiyo hiyo washkaji wa darasani waliona picha ya baba mdogo kalala chini ya gari, mikono myeusi oili, wakasema "huyu naye anaharibu mali ya zamani." Huyu "naye" ndiye aliyehesabu lita zake, akapima chesisi yake kwa nyundo kujua wapi imeoza, akachora kwa kalamu bamba la kuunganishia, akaandika bei tatu za kila kifaa. Huo ni utafiti. Wengine tunanakili wa kwetu mtandaoni na tunapewa digrii.

Kikao kiliishaje? Hakikuisha. Ajenda imesogezwa Pasaka. Wakati watu wanainuka bibi, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza kwa Kichaga kama kuna mtu anashuka kanisani jioni, na kama gari litawaka. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Pasaka ya kwetu inaangukia masika, wadau. Mimi siwezi kusubiri ajenda. Boom likitoka mwezi huu natoa sehemu yangu: viatu vya breki seti mbili, na silinda za magurudumu yote manne. Baba mdogo kasema atafunga bure, kwa sababu breki sio "kubadilisha urithi", ni matengenezo, na matengenezo hayahitaji muhtasari wa kikao. Springi na injini tutagombana hiyo Pasaka, na safari hii nikinyoosha mkono nikaambiwa "mwalimu subiri", nasimama naongea tu.

Wenye 109 nyumbani, hasa wa milimani kama sisi, kabla hujafungua mdomo kuhusu injini, fungua gurudumu moja uangalie breki zako. Leo hii.

Nawasilisha. Kesho saa mbili asubuhi nina test ya Saikolojia ya Elimu na sijafungua hata daftari. Niombeeni.

Tuko pamoja.